Uhaba Uliojenga Infocom

Mwaka 1982, mtu aliyenunua mchezo wa kompyuta uitwao Deadline alipofungua jalada lake nyumbani alikuta mengi zaidi ya diski. Mlikuwa na taarifa ya maabara, barua ya daktari mpasuaji maiti, maelezo ya mashahidi yaliyopigwa chapa, picha ya chumba chenye alama ya chaki sakafuni pale marehemu alipoangukia, na kimfuko cha plastiki chenye vidonge vyeupe. Tajiri mmoja, Marshall Robner, amekutwa amekufa ndani ya maktaba ya nyumba yake, mlango umefungwa kwa ndani. Mchezaji ni mpelelezi, na amepewa saa 12 za kuamua kama mzee yule alijiua au kuna aliyemuua. Kompyuta haimwonyeshi picha hata moja. Inamwandikia anachokiona, naye anaijibu kwa kuandika anachotaka kufanya.

Wengi walidhani nyaraka zile na vidonge vile ni mbwembwe za wauzaji. Kumbe diski ilikuwa imejaa. Marc Blank, mtunzi wa mchezo huo, alikuwa na ushahidi mwingi kuliko nafasi ya kuuweka, basi uliobaki ukachapwa kwenye karatasi na kutiwa ndani ya jalada. Baadaye ikaonekana faida nyingine ambayo hawakuitafuta: diski mtu huweza kuinakili usiku mmoja akamgawia rafiki yake, lakini ushahidi wa karatasi na kimfuko cha vidonge havinakiliki kirahisi hivyo, na bila hivyo mchezo haueleweki vizuri. Vikorombwezo hivyo vikawa alama ya kampuni. Wapinzani wakaiga, wateja wakavitunza kwenye makabati kama vito.

Ukiisoma historia ya Infocom, kampuni iliyotoa mchezo huo, utakutana na jambo la namna hii tena na tena. Karibu kila sifa wanayopewa mpaka leo ilianza kama njia ya kukwepa upungufu fulani: nafasi ndogo, fedha chache, mashine zisizoelewana. Walianguka baada ya kupata fedha za kutosha kuacha kujibana.

Kampuni ilizaliwa Massachusetts, ndani ya maabara ya kompyuta ya chuo cha MIT. Masika ya mwaka 1977 ulifika chuoni hapo, kupitia mtandao uliounganisha vyuo vichache vya Marekani wakati huo, mchezo wa maandishi uitwao Adventure. Ulikuwa umeanzwa na Will Crowther, mtaalamu wa programu aliyependa kutembea mapangoni, kisha Don Woods wa Stanford akauongezea. Mchezaji alizunguka pangoni kwa kuandika amri za maneno mawili. Kazi za maabara zilisimama kwa siku kadhaa hadi watu walipoumaliza, kisha baadhi yao wakasema: sisi tunaweza kutengeneza bora kuliko huu. Waliokaa wakaufanya ni Marc Blank, Dave Lebling, Tim Anderson na Bruce Daniels. Wakauita Zork.

Zork ulielewa sentensi. Mtu aliweza kuuambia uchukue vitu vyote isipokuwa taa, na ukaelewa. Ulikuwa na ucheshi, mwizi mwenye adabu aliyemvizia mchezaji chini ya ardhi, na giza ambalo mtu akiingia bila taa huliwa na mnyama asiyeonekana. Waliutunga kwa kujifurahisha, juu ya PDP-10, kompyuta kubwa ambayo hakuna mtu angeinunua kuiweka sebuleni. Mchezo ulikua mpaka ukakaribia megabaiti moja ya kumbukumbu, kiasi kikubwa sana kwa zama zile.

Tarehe 22 Juni 1979 watu wa maabara hiyo wakaandikisha kampuni. Wanahisa waanzilishi walikuwa kumi, na miongoni mwao alikuwamo J.C.R. Licklider, ambaye mawazo yake ya miaka ya 1960 yalichangia kuzaliwa kwa mtandao uliokuja kuwa intaneti, pamoja na Al Vezza, aliyekuwa akiongoza kikundi chao maabarani. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu jambo la miaka sita baadaye lilipandwa siku hiyo. Watu hawa hawakuunda kampuni ya michezo. Walitaka tu wasitawanyike wanapomaliza masomo na mikataba, na walidhani watatengeneza programu za ofisi. Walipoulizana wana nini mkononi kinachoweza kuuzwa haraka, jibu lilikuwa Zork. Kwa baadhi yao, Vezza akiwa mmojawapo, michezo ndiyo iliyokuwa maridhiano ya kibiashara: uza hiki kwanza tupate mtaji, kazi yenye heshima itafuata.

Tatizo ni kwamba kompyuta za nyumbani za 1979, kama TRS-80 na Apple II, zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 au 48, na diski ambayo haikufika kilobaiti 150. Kuutia Zork humo ilikuwa kazi ya kichaa. Joel Berez na Marc Blank wakati huo walikuwa Pittsburgh, Blank akifanya mazoezi ya udaktari hospitalini baada ya kumaliza shule ya tiba. Jioni walikaa wakafikiri, na wazo walilolipata lilikuwa la werevu mno. Badala ya kuandika mchezo kwa ajili ya kompyuta fulani, waliuandika kwa ajili ya kompyuta ambayo haipo. Waliibuni karatasini, wakaamua ina amri zipi na inahifadhije maneno, wakaiita Mashine ya Z. Kisha kwa kila kompyuta halisi iliandikwa programu moja ndogo, yaani mkalimani, ya kuifanya ijisingizie kuwa Mashine ya Z. Maneno yalibanwa kiasi kwamba herufi tatu zilikaa ndani ya baiti mbili, na sehemu za mchezo zisizohitajika kwa wakati huo zilibaki kwenye diski mpaka ziitwe.

Hata hivyo Zork haukuenea. Lebling alichukua ramani ya mchezo akakata kipande ambacho kingesimama peke yake, karibu nusu ya mchezo wenyewe, kikawa Zork I. Mabaki yalitumika kujenga Zork II na Zork III, pamoja na mambo mapya. Kwa hiyo ule utatu maarufu ambao wahakiki waliuchambua kama vile ulikuwa umepangwa tangu mwanzo, ulitokana na udogo wa diski. Na mtu mmoja aliyelazimika kununua mchezo mmoja sasa alinunua mitatu.

Hawakuwa na fedha za kuuchapisha wenyewe. Mwaka 1980 waliupeleka kwa Personal Software, kampuni iliyotajirika kwa kuuza VisiCalc, programu ya kupigia hesabu za biashara. Kampuni hiyo ilichora jaladani shujaa mwenye masharubu anayepunga upanga, mtu ambaye hayumo kabisa katika mchezo. Watu wa Infocom walikereka, lakini mwenye kukosa mtaji hachagui picha. Kisha Personal Software wakaona michezo inawaharibia sura mbele ya wateja wa ofisini, wakaamua kuachana nayo. Mwishoni mwa 1981 Infocom walinunua tena nakala zilizobaki, wakaanza kujichapishia. Ajabu ni kwamba kampuni iliyotupwa kwa sababu ya hamu ya programu za ofisi ilikuja kuiga hamu hiyohiyo.

Lakini kwanza ilikuja miaka mizuri. Mashine ya Z, iliyobuniwa kwa ajili ya kubana nafasi, ikawa silaha ya biashara. Soko la kompyuta la miaka ile lilikuwa vurugu: Atari, Commodore, IBM, Osborne, Kaypro, Texas Instruments, kila moja na lugha yake. Kwa kampuni nyingine, kuhamisha mchezo mmoja kutoka mashine moja kwenda nyingine kulikuwa karibu sawa na kuuandika upya. Infocom waliandika mkalimani mmoja, na michezo yao yote ikahamia kwenye mashine mpya kwa pamoja. Mtu aliyenunua kompyuta ngeni ambayo haikuwa na michezo mingine alikuta Zork dukani. Duka likiwa na rafu tupu, mwenye bidhaa ndiye anayeuza.

Bei ya uhamaji huo ni kwamba hapakuwa na picha. Kila mashine ilichora kwa namna yake, na picha zingeula mfumo wote. Wakati huohuo huko California Ken na Roberta Williams walikuwa wameonyesha tangu 1980, kwa mchezo wao Mystery House, kwamba wateja wanapenda picha hata zikiwa mistari mitupu. Infocom waliamua kugeuza upungufu kuwa fahari. Walitoa matangazo yaliyoonyesha ubongo wa binadamu, wakidai kuwa hakuna picha inayoshinda zile ambazo msomaji anajichorea kichwani. Lilikuwa tangazo zuri, na ndani yake mlikuwa na ukweli. Lakini ilikuwa pia hesabu ya fedha, na wao wenyewe walilijua hilo.

Fedha walizookoa kwenye picha waliziweka kwenye maandishi. Watunzi wao waliandikia kwenye kompyuta kubwa ya DEC, kwa lugha maalumu ya programu waliyoitengeneza wenyewe, wakati wapinzani wengi walikuwa wakihangaika kwenye mashine zilezile ndogo walizouzia. Kila wiki watunzi walikula chakula cha mchana pamoja wakichambuliana mafumbo. Mchezo ukiisha kuandikwa ulipelekwa kwa wajaribu wa ndani, halafu kwa wajaribu wa nje, ambao kazi yao ilikuwa kuandika kila upuuzi ambao mchezaji angeweza kuufikiria, ili mtunzi auwekee jibu. Hapa ndipo ucheshi wa michezo hiyo ulipotoka. Mchezaji alijaribu jambo la kijinga, akakuta mtu amemtangulia.

Mmoja wa wajaribu hao alikuwa Steve Meretzky. Alisomea MIT usimamizi wa ujenzi, akafanya kazi hiyo na kuichukia. Aliishi nyumba moja na Mike Dornbrook, aliyekuwa akiijaribu michezo ya Infocom, akaanza kuchungulia, kisha kucheza, kisha kulipwa. Mwaka 1983 alitoa mchezo wake wa kwanza, Planetfall, wenye roboti mdogo aitwaye Floyd ambaye hujitoa mhanga kwa ajili ya mchezaji. Watu wazima walikiri kwamba walilia mbele ya maandishi ya kijani kwenye kioo.

Dornbrook naye aliona jambo jingine. Wachezaji waliokwama walikuwa wakiandika barua kuomba msaada. Akaanzisha chama cha watumiaji wa Zork, akauza kwa posta ramani na vidokezo, na akaja na vitabu vilivyochapwa kwa wino usioonekana: mtu alipaka kalamu maalumu juu ya swali lake, jibu la kwanza likajitokeza, kwa fumbo, akitaka zaidi, apake la pili, na la tatu. Sisi tuliokulia kwenye vitendawili tunaijua biashara hii. Aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishautawala kwa maneno ndipo hufichua jibu. Infocom walipewa dola badala ya mji. Mwaka 1983 kazi hiyo ilihamishiwa ndani ya kampuni, na vitabu vile viliuzwa hata kwenye maduka ya vitabu. Kuna swali ambalo sikuona likijibiwa vya kutosha: je, anayeuza kufuli na ufunguo hatashawishika kutengeneza kufuli gumu zaidi? Baadhi ya mafumbo ya miaka hiyo yananifanya nishuku. Ila lazima pia niseme kwamba walianza kuandika kwenye kasha kiwango cha ugumu wa mchezo, na mwaka 1985 Brian Moriarty aliwatungia wanaoanza Wishbringer, mchezo ambao mafumbo yake mengi yana njia mbili za kuyatatua.

Makasha yenyewe yana kisa chake. Baada ya Deadline waliingiwa na raha ya ubunifu. Starcross ulitoka ndani ya chombo cha plastiki cha mviringo kama kisahani kirukacho. Suspended ulikuwa na kinyago cheupe cha uso kilichotokeza juu ya kasha, kikimtazama mteja. Wanunuzi walivutiwa, lakini wenye maduka waliteseka: visahani havikupangika, vinyago vilikula rafu. Mwaka 1984 Infocom walikubali yaishe. Michezo yote, mipya na ya zamani, ikawekwa ndani ya kasha la kijivu la ukubwa mmoja, linalofunguka kama kitabu, kijitabu kikiwa kimeshonwa humo na vikorombwezo vikilala upande wa pili. Wakusanyaji wa vitu vya kale huomboleza kinyago kile mpaka leo. Kwa maoni yangu haya yalikuwa maridhiano ya busara kuliko yote waliyofanya. Mchezo haukupoteza neno hata moja, na rafu nzima ya makasha ya kijivu dukani ilionekana kama maktaba ya mwandishi mmoja.

Ustadi huo wa rafu ulikuwa na maana kubwa ya kifedha. Kampuni nyingine ziliuza mchezo kwa miezi michache kisha zikausahau. Infocom waliacha michezo yao yote iendelee kuuzwa. Zork I ulizidi kuuzwa miaka mingi baada ya kutoka, na kila mchezo mpya ulipotangazwa, ya zamani nayo ilipanda. Mwaka 1984 mauzo ya kampuni yalifika takriban dola milioni 10. Mwaka huohuo Meretzky alitoa pamoja na mwandishi wa Uingereza Douglas Adams mchezo uliotokana na kitabu chake mashuhuri, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Adams alikuwa maarufu kwa kuchelewesha kazi, ikabidi Meretzky asafiri hadi Uingereza kukaa naye ili sehemu yake imalizike. Ulifikia kuuzwa nakala 350,000 hivi. Jarida la wateja la kampuni lilikuwa likiitwa The New Zork Times, hadi gazeti kubwa la New York lilipolalamika na jina likabadilishwa.

Basi mtu angesema: wamefika. Lakini Vezza na bodi hawakuona hivyo. Michezo kwao ilikuwa bado ile hatua ya kwanza. Tangu 1982 kulikuwa na idara ya pili, ya programu za biashara, chini ya Brian Berkowitz na Richard Ilson, waliotaka kutengeneza hifadhidata ambayo karani asiyejua programu angeweza kuitumia. Wazo halikuwa la kipuuzi. Hifadhidata iliyotawala soko, dBase, ilihitaji mtu ajifunze lugha yake. Wawekezaji nao hawakutaka kusikia habari za michezo. Walitaka programu za ofisi. Januari 1984 Vezza akawa mkurugenzi mtendaji. Kampuni ikahamia ofisi kubwa zaidi, ikaajiri mpaka wafanyakazi wakafika 100, na faida ya Zork na Floyd ikaenda kulipia mradi ulioitwa Cornerstone. Watunzi wa michezo waliona fedha walizochuma zikivuka ukumbi kwenda kwa jirani. Mshika mawili, wahenga walisema, moja humponyoka. Hawa nusura yawaponyoke yote mawili.

Cornerstone ilitoka Januari 1985 kwa bei ya dola 495. Ilikuwa imegharimu takriban dola milioni 2.5. Waliijenga kwa njia waliyoijua, yaani juu ya kompyuta ya kubuni, ili iweze kuhamia mashine yoyote. Hapa ndipo mafanikio ya jana yalipowasaliti. Kufikia 1985 ofisi za Marekani zilikuwa zimeshaamua: zilinunua IBM PC au mashine iliyoiiga. Hapakuwa na mahali pa kuhamia. Kilichobaki ni gharama ya mkalimani, yaani mwendo wa polepole, na karani anayesubiri orodha ya wateja wake hana subira ya mchezaji anayesubiri kujua kama mwizi amempora. Ziliuzwa nakala 10,000 hivi. Bei ilishushwa baadaye hadi chini kidogo ya dola 100, na haikusaidia.

Mwaka 1985 huohuo soko la michezo ya kompyuta lilizubaa. Fedha za akiba ambazo zingewavusha zilikuwa zimeliwa. Wafanyakazi walipunguzwa kwa awamu, kutoka 100 hadi 40 hivi kabla mwaka haujaisha. Wengi waliofukuzwa hawakuwa na kosa lolote kazini.

Ni jambo la kutafakarisha kwamba baadhi ya kazi zao bora kabisa zilitoka wakati nyumba inaungua. Meretzky alitoa A Mind Forever Voyaging, mchezo usio na mafumbo karibu kabisa, ambamo kompyuta yenye fahamu inatembea katika mji mmoja wa Marekani miongo mbalimbali ya baadaye na kuona sera za serikali zinavyouozesha. Ilikuwa siasa ya wazi dhidi ya mwelekeo wa Rais Reagan. Meretzky alitaraji watu wachukie, walau wapige kelele. Hawakupiga, na haukuuzwa sana, kwa sehemu kwa sababu ulihitaji kompyuta ya kilobaiti 128 ambayo wateja wengi hawakuwa nayo. Mwaka uliofuata akageuka kabisa, akatunga Leather Goddesses of Phobos, kichekesho chenye utani wa chumbani, viwango vitatu vya utovu wa haya ambavyo mchezaji alijichagulia, na kadi ya kukwangua na kunusa. Huo uliuzwa vizuri. Sioni aibu hapo. Mtu aliyeandika kazi aliyoiamini mwaka mmoja, mwaka wa pili akawaandikia wenzake mishahara, amefanya haki zote mbili. Moriarty naye mwaka huo wa 1986 alitoa Trinity, juu ya bomu la atomiki, safari ambayo humfikisha mchezaji kwenye jangwa la New Mexico alfajiri ya mlipuko wa kwanza wa Julai 1945. Kwangu, huo ndio mchezo wao bora.

Mwaka huohuo wa Trinity, kampuni ikawa si yao tena. Juni 1986 Activision ya California iliinunua Infocom kwa dola milioni 7.5. Jim Levy, mkuu wa Activision, alikuwa mpenzi wa michezo yao, akaahidi kutowaingilia, na kwa miezi michache alitimiza. Tatizo ni kwamba Activision yenyewe ilikuwa ikipata hasara. Januari 1987 Levy akaondolewa, nafasi yake ikashikwa na Bruce Davis, mwanasheria ambaye hakuupenda ununuzi ule tangu mwanzo.

Kilichofuata hakikuwa uadui. Ilikuwa hesabu ya mtu ambaye hajui bidhaa anayoihesabu. Kwanza, Infocom waliacha kufunga makasha yao wenyewe wakalazimika kutumia kiwanda cha mwenye kampuni, na gharama ikapanda. Pili, michezo ya zamani iliondolewa ili kuipisha mipya, kama ilivyokuwa desturi kwa bidhaa nyingine za Activision, na ile rafu iliyokuwa ikilisha nyumba ikavunjwa. Tatu, ukubwa wa mavuno: walitakiwa kutoa karibu michezo minane kwa mwaka badala ya minne au mitano, watunzi wakiwa walewale. Mwaka 1987 kweli ilitoka mingi, na si yote mibaya. Plundered Hearts, wa Amy Briggs, aliyeanzia chumba cha wajaribu, ulileta hadithi ya mapenzi na maharamia mahali ambapo wanawake hawakuwa wamepewa nafasi kubwa. The Lurking Horror wa Lebling ulitisha kwelikweli. Lakini muda wa kujaribu ulipungua, na michezo mingi ikigombea mteja mmoja kila mmoja ukauzwa kidogo.

Mwaka 1988 walitoa mfululizo wa hadithi za picha za bei nafuu, dola 12 hivi, ambazo mchezaji alizitazama tu pasipo kuandika lolote. Ziliitwa Infocomics. Sijui mpenzi hata mmoja wa Infocom anayezitetea. Mwaka huohuo Zork Zero ukatoka ukiwa na michoro, na mwaka 1989 ikafuata mingine mitatu yenye picha: Shogun, Journey na Arthur. Picha zile ni nzuri. Zilikuja miaka minne baada ya King's Quest ya akina Williams kuonyesha mhusika anayetembea ndani ya picha, wakati wanunuzi walikuwa wameshahama, na Mashine ya Z ilibidi ipasuliwe na kushonwa upya ili izibebe.

Tarehe 5 Mei 1989 ofisi ya Massachusetts ilifungwa. Walibaki wafanyakazi 26. Kumi na mmoja waliambiwa wanaweza kuhamia California. Watano ndio waliokubali.

Wapo wanaosema Infocom waliuawa na picha, kwamba dunia iliacha kusoma ikaanza kutazama. Siafiki, au tuseme naafiki nusu. Soko la maandishi lingepungua, hilo halina ubishi. Lakini kampuni ya watu 40 isiyo na deni, yenye rafu ya michezo inayouzwa miaka nendarudi, ingeweza kupungua polepole pamoja na soko lake na kutafuta pa kwenda. Wengine humtupia Davis lawama zote. Davis alikuta nyumba imeshauzwa. Aliyeiweka rehani ni yule aliyeona haya kuitwa mwuza michezo. Maridhiano waliyoyafanya kwa kubanwa, yaani kukata Zork vipande, kuacha picha, kuingia kwenye kasha la kijivu, yote yaliwaachia kitu mkononi. Cornerstone haikuwa maridhiano. Ilikuwa nafasi ya kutimiza ndoto ya 1979 bila kubanwa na mtu, nayo ndiyo iliyowamaliza.

Mwaka 1991 Activision ilikusanya michezo 20 ya Infocom ndani ya kasha moja, ikaiuza upya kwa faida nzuri, ishara kwamba ile rafu ya zamani bado ilikuwa na wateja. Wapenzi nao waliichambua Mashine ya Z amri kwa amri hadi wakaielewa yote, na mwaka 1993 Graham Nelson, mwanahisabati wa Oxford, akatoa Inform, programu ya bure ya kutungia michezo mipya ya mashine hiyo. Kwa kuwa mashine haikuwahi kuundwa kwa chuma, haikuchakaa; leo kuna wakalimani wake hata kwenye simu za mkononi. Microsoft, iliyoinunua Activision mwaka 2023, iliachia mwaka 2025 programu asili za Zork I, II na III ili yeyote azisome na kuzitumia bure. Kijana anayejifunza kuandika programu Dodoma au Mombasa hana haja ya kuniamini mimi kuhusu ustadi wa watu wale. Azipakue, aanze na Zork I, aone mtu anavyoweza kuubana mji mzima wa chini ya ardhi ndani ya nafasi isiyotosha picha moja ya simu yake.